Nitilie: Historia Fupi ya Bakuli la Msimbazi

Siku hizi, kila yanapozuka barazani mazungumzo ya urojo, hakosekani mtu mmoja aliyetembea nchi za watu akatoa ugunduzi wake: kwamba kule Malaysia na Indonesia kuna chakula kiitwacho rojak, au rujak kwa matamshi ya Kijava, na kwamba chakula hicho ndicho babu wa urojo wetu. Ushahidi wake huwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wa sikio: rojak, urojo. Wa pili ni wa jicho. Rojak iuzwayo na Waislamu wa Kitamil huko Penang na Singapore hupangwa vipande vipande mbele ya mteja: bajia za aina kwa aina, mbatata za kuchemsha, mayai, matango. Mteja huashiria anachokitaka, muuzaji akakatakata, na vyote vikapata mchuzi mzito wenye utamu na ukali. Mtu aliyezoea kusimama Forodhani jioni, au mbele ya meza yoyote ya urojo mjini Unguja, hahitaji mkalimani wa kumfahamisha kinachotendeka.

Ugunduzi huu unapendeza, na mimi niliye mtu wa maneno hupendezwa upesi na mambo kama haya. Hata hivyo haufai kupokelewa. Neno urojo halikushushwa na jahazi. Limo ndani ya Kiswahili pamoja na nduguze, rojo na rojorojo, na kiambishi chake cha u- ni kile kile kilichomo katika uji na ugali. Samli iliyoyeyuka ilikuwa urojo. Uji uliokolea ulikuwa urojo. Hata udongo uliolowa mvua ya masika wazee waliuita rojorojo. Kamusi za zamani, ile ya Johnson ya mwaka 1939 ikiwemo, zinalitaja neno hilo kwa maana ya uzito wa kitu chenye majimaji, si kwa maana ya bakuli lenye kachori na mishkaki. Chakula ndicho kilichopewa jina la mchuzi wake. Ama rojak, hilo ni neno lenye nasaba yake mbali kabisa, lionekanalo katika maandishi ya Kijava cha kale ya mwanzoni mwa karne ya 10. Maneno mawili haya yamekutana kama wanavyokutana safarini watu wawili wenye jina moja, wakapeana mkono, kila mmoja akaenda zake.

Pana neno jingine la huko ambalo mfasiri hawezi kulipita. Wamalay wakitaka kumkaripia kijana anayechanganya Kimalay na Kiingereza katika sentensi moja humwambia anasema bahasa rojak, yaani lugha ya rojak. Tusi hilo tunalijua. Kwa muda wa miaka mia Kiswahili nacho kimeambiwa hivyo hivyo, kwamba ni mchanganyiko usio na baba, na walioambiwa hivyo ni wasemaji wake wa pwani, si wengine. Ningependa kuona mtu akilitumia neno la urojo kwa sifa.

Lakini aliyekosea nasaba ya neno si lazima awe amekosea nasaba ya mkono. Bajia, kachori, chatne na achari ni maneno yaliyofika kwetu pamoja na wapishi wake kutoka Bara Hindi, aghalabu Kachchh na Gujarat. Bahari hiyo hiyo iliwachukua Wahindi wa kusini upande wa pili, hadi Penang, bandari iliyoanzishwa na Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki mwaka 1786. Pande zote mbili walikuta watu wanaokula wali, nazi, embe mbichi na vitu vichachu. Pande zote mbili walitia bajia zao katika mchuzi wa wenyeji. Basi urojo na rojak si babu na mjukuu. Ni watoto wa mama mbalimbali waliolelewa na shangazi mmoja.

Na kabla ya shangazi huyo kufika, bakuli lilikwisha kuwapo. Ibn Batuta aliteremka Mogadishu mwaka 1331, akawekwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini, akaletewa chakula mara tatu kwa siku. Alivyokieleza, mtu wa pwani akisoma leo anasikia harufu yake: wali uliopikwa kwa samli, uliopakuliwa katika sinia kubwa la mbao, na juu yake vyombo vya vitoweo, kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo cha maziwa ya mgando pamoja na ndimu za kuchachua, mashada ya pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Kila tonge la wali lilifuatwa na kionjo cha vitu hivyo vya kuchachua, kwa hiari ya mlaji mwenyewe. (Pilipili hizo haziwezi kuwa hizi za mbuzi tuzijuazo, kwa kuwa Marekani ilikuwa bado haijajulikana na watu wa upande huu.) Msafiri yule aliongeza kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kushibisha kundi la watu, na kwamba wanene ni wengi. Maneno hayo nimeyasamehe, kwa sababu mwandishi anayejua kuorodhesha achari kwa utulivu wa namna ile anastahiki kusamehewa mengi.

Wali wenyewe una safari yake, na hapo ndipo Asia ya Kusini Mashariki inapoingia kwa mlango wa haki, si kwa kufananisha sauti. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenziwe walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbegu za kale zilizofukuliwa katika maeneo 18 ya pwani ya Afrika Mashariki, visiwa vyake, Komoro na Madagaska. Katika Komoro na Madagaska walikuta mpunga wa Kiasia na choroko vikitawala tangu baina ya karne ya 8 na ya 10. Katika mrima na visiwa vyetu, wakati huo huo, mtama, uwele na wimbi ndivyo vilivyokuwa chakula cha watu. Yaani mabaharia wale ambao lugha yao ingali hai katika Kimalagasi, ndugu wa lugha za Borneo, walileta shamba lao zima wakalipanda kusini mwetu, na sisi tukaendelea na mtama. Pemba iligeukia mpunga kwa nguvu kuanzia karne ya 11. Mtu anayedhani kwamba wali ulikuwa nasi tangu kuumbwa kwa dunia, na kwamba ugali ni ugeni wa bara, historia haimpi haki hiyo.

Muhogo, mbatata na pilipili kali vilitoka Marekani baada ya Wareno, na kwa bakuli la urojo hilo si jambo dogo, kwani ukiviondoa vitatu hivyo pamebaki maji ya manjano. Tuishie hapo kwa mimea.

Msimbazi kwanza ni jina la mto, kisha la mtaa, kisha la timu. Mto unatoka vilima vya Pugu ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Mtaa unapita ubavuni mwa Kariakoo. Na timu ni Simba, Wekundu wa Msimbazi, wenye klabu yao mtaani hapo. Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba la minazi, na Wajerumani walipopanga mji wao waliitenga iwe makazi ya Waafrika, wakajenga na ukumbi wa soko. Vita vya 1914 vikaingia kabla biashara haijakaa. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, waliufanya uwanja huo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo, kama lilivyofinyangwa Nairobi likawa Kariokor.

Wapagazi hao ndio walaji wa kwanza wa Kariakoo tunaowajua, nao hawakuchagua kitu. Walipewa posho: unga wa mahindi kwa kipimo, ambao wengi wao hawakuwa wameuzoea, na mara nyingi bila kuni wala muda wa kuuivisha. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na waliouawa na maradhi, hasa ya kuhara, walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Ninapopita sokoni na kuona vijana wamebeba mizigo mabegani hunijia fikira ya unga ule uliopikwa nusu. Mji mwingine hukumbuka mashujaa wake kwa sanamu, na Dar es Salaam wanayo sanamu ya askari katikati ya mji. Mpagazi amepewa soko.

Posho ilirudi kwa sura nyingine. Wakati wa vita vya pili vya dunia, chakula kilipoadimika, serikali ya kikoloni ilianzisha mgao, na mgao ulipangwa kwa rangi na asili ya mtu: mchele kwa hawa, unga kwa wale. Wazee wetu wa visiwani nao waliyaona hayo kwa macho yao, na wapo waliojifunza asili zao mpya mbele ya meza ya karani wa mgao. Sahani ilikuwa imegeuzwa hati ya utambulisho. Baada ya uhuru karani alibadilika, lakini katika miaka ya njaa na uhaba, kuanzia ukame wa 1974 na kwa ukali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Dar es Salaam walisimama tena foleni, wakapokea kilichokuwapo. Kilichokuwapo mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi ya manjano ya msaada, ambao watu waliuita unga wa yanga kwa sababu ya rangi yake. Hebu fikiri hali ya mkazi wa mtaa wa Msimbazi, mpenzi wa Simba wa kufa na kupona, anayekwenda nyumbani na kilo mbili za yanga.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipopata nguvu jina ambalo, kwa maoni yangu, ndilo jina zuri kuliko yote yaliyobuniwa na mji ule: mama ntilie. Wasomi wa uchumi wameieleza vizuri sababu. Thamani ya mshahara ilianguka kwa zaidi ya nusu, kazi ya ofisini haikutosha tena kulisha nyumba, na wanawake wakatoka na masufuria kwenda kuuza vyakula penye viwanda, vituo vya mabasi na masoko. Mwanazuoni Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi mjini humo katika miaka hiyo, alionyesha jinsi biashara ndogo hizi zilivyobeba familia ambazo mshahara ulikuwa umekwisha kuziangusha. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwaona wengi wa watu hao kuwa wazururaji, watu wa kukamatwa na kupelekwa mashambani. Mwaka uliofuata milango ya biashara ilianza kulegezwa, na ilipofika 1986 sera ilikuwa imegeuka. Masufuria yakabaki barabarani.

Lakini wasomi wa uchumi hawakushughulika na kitenzi. Ntilie ni nitilie, iliyokatwa na mtu mwenye haraka. Shina lake ni tia, na hiyo li ya katikati ni ile itendeayo: tia kwa ajili yangu. Ni ombi na ni amri kwa pamoja, na linatoka kinywani mwa mlaji, si mwa muuzaji. Mwanamke huyu hakuitwa kwa kile anachokipika wala kwa mahali alipoketi. Ameitwa kwa maneno anayoambiwa. Nitilie wali. Usinitilie maharage, nitilie mchicha. Nitilie mchuzi, mama, usiwe na choyo. Tena ni kitenzi cha pwani. Bara wangesema niwekee, na wapo leo wanaokionea haya kitenzi cha kutia kwa sababu ya maana nyingine ya mitaani. Labda ndiyo maana lugha ya maofisi imependelea mama lishe. Sina ugomvi na lishe, ila katika jina hilo mlaji ameondolewa na sauti yake, akabaki mtu wa kulishwa.

Urojo ulifuata njia nyingine kufika hapo, na njia hiyo inapitia tena Indonesia. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Ikapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Na kwa miongo mingi katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa nani? Indonesia ile ile, kwa ajili ya sigara zao za kretek. Waliouza karafuu duniani tangu zama walikuwa wakiinunua kutoka kwetu. Kisha wakapanda ya kwao hata ikawatosha, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Mpemba aliyekuwa na mashina yake ya mikarafuu akakuta hayamlipii skuli ya mtoto. Biashara huria ilikuwa imefunguliwa Zanzibar wakati huo, mwaka 1984 na 1985 chini ya Ali Hassan Mwinyi, ambaye alipokuwa Rais wa Muungano alipewa jina la Mzee Ruksa. Wapemba wakaingia katika biashara ya nguo na bidhaa za ng'ambo, na wengi wakaweka maduka Kariakoo. Mji ulikuwa na mtaa uitwao Pemba zamani za kale. Sasa ukapata na Wapemba wa kuujaza.

Penye muuza duka wa Kipemba pana mtu anayetamani urojo saa kumi na moja jioni. Sihitaji hati ya kumbukumbu za taifa kuamini hilo. Leo urojo unauzwa katika vichochoro vinavyotoka mtaa wa Msimbazi na ndani zaidi, na wateja wake si Wazanzibari peke yao.

Nimekaa katika kibenchi kimojawapo nikasikiliza. Muuzaji ni bibi wa makamo, mwenye kanga mbili na miwani. Mbele yake beseni la bajia, sahani ya kachori, mbatata zilizokatwa, mayai, mishkaki michache iliyofunikwa, chatne ya nazi, pilipili katika chupa, na chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba kama nyuzi. Sufuria la rojo lipo pembeni, na moto mdogo chini yake. Kijana mmoja wa Kichaga aliagiza urojo bila mbatata na mayai mawili. Bibi akamtazama. "Mwanangu, urojo bila mbatata ni kuoga bila maji," akamwambia, akatia alivyoagizwa. Mwingine alitaka atiliwe pilipili kabla ya rojo na si baada yake, na pakazuka mjadala wa dakika kumi kuhusu tofauti iliyopo. Mimi nilipoulizwa, "Shekhe, nikutilie kila kitu?" nilijibu ndiyo, bibie, kwa uvivu wa mtu aliyezoea kupakuliwa nyumbani.

Sisi wa visiwani tunao ugonjwa wa kulalamika kwamba urojo wa Dar es Salaam si urojo. Ati rojo lao ni jepesi, ati embe hawatii ya kutosha, ati wanatia ukwaju mwingi kuficha uhaba wa embe, ati wanauita Zanzibar mix kama jina la biskuti. Katika hayo la rojo jepesi nalikubali. Mengine ni choyo. Chakula kilichokusanywa kutoka Gujarat, Brazili na shamba la embe la jirani hakiwezi kuwekewa mpaka Chumbe. Na hilo jina la Kiingereza tulilianza sisi wenyewe, kwa ajili ya watalii.

Katika miji ya Ulaya, Marekani na Ghuba imeenea mikahawa ya mabakuli, mingi yao ya vyakula vya Thailand, Vietnam na majirani zao. Mteja hupita mbele ya meza ndefu yenye kioo, akachagua wali au tambi, kisha nyama, kisha majani, kisha mchuzi, na mwisho karanga za kunyunyiza juu. Mpakuaji mwenye glavu husogea naye hatua kwa hatua hadi kwa mtu wa hesabu. Vijana wetu wanaporudi husimulia habari hizi kama jambo la karne mpya, na wapo wanaotaka kufungua mikahawa kama hiyo Dar es Salaam. Wafungue. Ila wajue mteja wa Msimbazi amekwisha hitimu somo hilo, na amezoea mambo mawili ambayo kioo hakiruhusu: kubishana na mpakuaji, na kula leo akalipa Jumamosi.

Jambo la pili ndilo linaloshika watu wengi mjini. Kuli wa sokoni hulipwa kwa mzigo, na siku nyingine mzigo haupo. Mama ntilie huweka deni lake kichwani au katika daftari la mtoto wa skuli, na deni hilo limefungwa na mahali: wote wawili wajue watakutana pale pale. Kwa hiyo kila mji unaposafishwa, kinachovunjwa si meza tu. Ulisafishwa mwaka 2006. Uliposhikwa na kipindupindu mwaka 2015 wauza vyakula vya wazi walikuwa wa kwanza kuondolewa. Moto uliunguza jengo la soko usiku wa tarehe 10 Julai 2021, jengo lile la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 lenye paa kama miavuli iliyopinduliwa, na miezi mitatu baadaye wamachinga wakaamriwa kuondoka kandokando ya barabara za Kariakoo. Kila safari waliondoka na masufuria yao, na kila safari wakarudi kidogo kidogo, kwanza walio na wateja wenye madeni.

Kwa bibi yule, jioni ile, aliyefika mwisho alikuwa kuli. Alitua ngata yake kwenye benchi, akahesabu sarafu mara mbili, akaziweka tena mfukoni. "Mama, nitilie rojo na muhogo tu," akasema. "Bajia usinitilie." Bibi akatia rojo, akatia muhogo, akatia na bajia mbili, akafungua daftari.